Namna ya Kuendesha kwa Betri Pedali ya Gitaa Uliyoitengeneza Mwenyewe

Pedali nyingi za gitaa (visanduku vya kubadilisha sauti vinavyokanyagwa kwa mguu) zinazotengenezwa nyumbani, hasa za kuongeza nguvu ya sauti na za kuikwaruza, hazihitaji umeme mwingi bali umeme mtulivu. Adapta ya ukutani ya bei nafuu inaweza kutoa volti 9 kama lebo yake inavyodai na bado ikaingiza mvumo kwenye spika, kwa sababu umeme wa gridi yetu una masafa ya hezi 50 na, ukishanyooshwa na dayodi, mabaki yake husikika kwenye hezi 100, eneo ambalo amplifaya ya gitaa hulitoa bila shida yoyote. Zaidi ya hayo, adapta za zamani zisizo na kidhibiti cha volteji hupanda hadi volti 12 au zaidi zinapobebeshwa mzigo mdogo kama wa pedali moja. Betri haina matatizo hayo. Kasoro yake kubwa ni kwamba huisha, na mara nyingi huisha wakati ambapo hakuna anayepiga gitaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi tunayoieleza hapa ni kuhakikisha kwamba betri imezimika kweli pale unapodhani imezimika, na kwamba saketi haili umeme kuliko inavyostahili.

Nitatumia mfano wa pedali ya ovadraivu, yaani ya kuikwaruza sauti kidogo, yenye chipu moja ya TL072, taa moja ya LED, swichi ya mguu yenye pini 9 na boksi la alumini. Anayetengeneza busta (pedali ya kuongeza nguvu ya sauti) ya transista moja atafuata hatua zilezile, na tofauti zinazohusu pedali za zamani za fazi, yaani zinazoikwaruza sauti sana, nitazitaja mahali pake.

Pima kabla ya kuchagua betri

Mafundi wengi huanza kwa kununua betri na kuuliza maswali baadaye. Ni afadhali kupima kwanza mkondo ambao saketi inautumia, kwa kuwa namba hiyo moja ndiyo itakayokuambia kama betri ndogo ya mraba ya volti 9 inatosha au unahitaji kitu kikubwa zaidi.

Weka multimeta kwenye kipimo cha miliampea, na uhakikishe kwamba waya wake mwekundu umechomekwa kwenye tundu la miliampea, si la volti. Chomeka kebo kwenye soketi ya kuingilia ya pedali. Sasa izungushe klipu ya betri pembeni ili kitufe kimoja tu cha betri kishike na kingine kibaki wazi, halafu gusisha ncha moja ya multimeta kwenye kitufe cha betri kilicho wazi na ncha nyingine kwenye kitufe cha klipu kilicho wazi. Mkondo wote wa pedali utapita ndani ya multimeta na utausoma kwenye kioo. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo, kwa sababu multimeta iliyoachwa kwenye miliampea ikigusishwa baadaye kwenye vitufe viwili vya betri hupiga shoti na kuunguza fyuzi yake.

Kwenye mfano wetu, TL072 hula takriban miliampea 2.8, kwa kuwa ndani yake kuna vikuza viwili na kila kimoja hutumia kama 1.4. Rezista mbili zinazogawa volti 9 nusu kwa nusu ili chipu ipate kituo cha katikati hula kidogo sana zikiwa za kiloomu 100 kila moja, yaani chini ya miliampea 0.05, zikiwa za kiloomu 10 hula karibu miliampea nusu, na nusu hiyo hupotea bure. Taa ya LED nyekundu iliyounganishwa na rezista ya kiloomu 1 hula miliampea 7, kiasi kinachozidi mara mbili kile kinachotumiwa na saketi yenyewe kutengeneza sauti. Watu hushangaa wanapoambiwa kwamba katika pedali yao mlaji mkubwa ni taa ndogo ya kuonyesha kama imewashwa. Tumia LED yenye mwanga mkali na rezista ya kiloomu 4.7, nayo itakula miliampea 1.5; hata kiloomu 10 hutosha ndani ya nyumba, ingawa jukwaani chini ya taa kali hutaiona vizuri.

Kwa hesabu hiyo jumla yetu ni miliampea 4.3 hivi. Betri ya alkali ya volti 9 huwa na uwezo wa takriban miliampea-saa 500 kwa mzigo mdogo wa namna hii, na kugawanya 500 kwa 4.3 kunatoa saa 116. Usizitegemee zote. Sauti huanza kubadilika kabla betri haijafika mwisho, hivyo hesabu saa 80 na ubadilishe mapema. Pedali ileile ikiwa na LED ya kiloomu 1 ingekula karibu miliampea 10 na kukupa nusu ya muda huo au pungufu. Ukitaka kubana zaidi, chipu ya TL062 ina mpangilio uleule wa pini na hula kama miliampea 0.4 tu kwa vikuza vyote viwili, ila huongeza kidogo kelele kama ya hewa inayovuja kwenye sauti. Kwa pedali ya kukwaruza mimi naona huo ni mkopo unaolipika, lakini kwa busta safi ningebaki na TL072.

Betri ipi

Betri ya mraba ya volti 9 ilienea tangu miaka ya 1950 kwa ajili ya redio za transista, na ndani yake mna seli sita za volti 1.5 zilizopangwa mfululizo. Za alkali huandikwa 6LR61, na zile za kawaida za zinki na kaboni huandikwa 6F22. Tofauti yake haiko kwenye bei pekee. Ya zinki na kaboni ina uwezo mdogo zaidi, na ukinzani wake wa ndani huongezeka haraka inapozeeka, jambo linalofanya volteji izame pale saketi inapovuta ghafla. Kwa pedali ya kawaida hilo ni hasara. Kwa fazi ya transista mbili wapo wapigaji wanaoitafuta betri hiyo makusudi, kwa sababu kuzama huko hulainisha mwanzo wa noti, na katika saketi inayokula chini ya miliampea moja betri dhaifu hudumu muda mrefu vilevile.

Betri za kuchaji za umbo hilo zina mambo mawili ya kuangalia. Za nikeli huwa na seli saba za volti 1.2, yaani volti 8.4, na nyingine zina sita tu, yaani volti 7.2, uwezo wake huwa karibu miliampea-saa 200. Za lithiamu zenye tundu la USB hutofautiana zaidi: baadhi zina seli mbili na hutoa volti 7.4 tulivu, lakini nyingine zina seli moja na saketi ndogo ya kupandisha volteji hadi 9, na saketi hiyo huweza kuleta mlio mwembamba kama wa mbu kwenye pedali yenye nguvu nyingi ya kukuza. Kabla ya kulipa, ukiweza, ijaribu na pedali yenyewe.

Masokoni kwetu kuna betri nyingi zenye karatasi nzuri na moyo mdogo. Nenda na multimeta na rezista ya omu 470. Betri mpya ya alkali isiyobebeshwa kitu husoma kati ya volti 9.3 na 9.6. Gusisha rezista kwenye vitufe vyake viwili huku ukiendelea kusoma volti kwa sekunde kama tano. Rezista hiyo huvuta karibu miliampea 19, mzigo unaozidi wa pedali nyingi. Nzima itashuka kidogo na kutulia. Ikiporomoka chini ya volti 8 na kuendelea kuteremka, mrudishie muuzaji.

Kufunga waya

Klipu ya betri ikikosekana dukani, ng'oa kichwa cha betri iliyokufa. Kifungue kwa koleo taratibu, ondoa seli, na ulehemu nyaya mbili nyuma ya vitufe. Hapa ndipo wengi huunguza chipu: kichwa hicho kitakaa uso kwa uso na betri mpya, kwa hiyo nafasi hubadilishana. Kwenye betri, kitufe kidogo cha duara ndicho chanya na kile kikubwa chenye mdomo wazi ndicho hasi. Kwenye kichwa ulichokigeuza kuwa klipu, kitufe kikubwa ndicho kitakachoshika chanya ya betri, hivyo waya mwekundu ulehemiwe kwenye kikubwa na mweusi kwenye kidogo. Thibitisha kwa multimeta kabla ya kuunganisha chochote.

Swichi ya mguu haizimi betri. Kazi yake ni kuelekeza sauti ipite ndani ya saketi au ipite kando, na kuwasha au kuzima LED. Chipu yenyewe huendelea kula muda wote. Swichi ya betri katika pedali ni soketi ya kuingilia. Badala ya soketi ya mono, tumia ya stereo, yenye miguu mitatu: mmoja wa ncha, mmoja wa pete na mmoja wa shina. Waya wa sauti huenda kwenye ncha kama kawaida. Shina huenda kwenye laini ya ardhi ya saketi, yaani njia ya pamoja ya kurudishia umeme. Waya mweusi wa betri hauendi kwenye ardhi moja kwa moja, bali hulehemiwa kwenye mguu wa pete. Plagi ya gitaa ni ya mono na haina pete. Shina lake ni refu, hivyo likiingia hugusa pete na shina la soketi kwa pamoja na kuunganisha hasi ya betri na ardhi. Ukichomoa kebo, muungano hukatika na betri hulala.

Soketi za stereo hazina mpangilio mmoja wa miguu, na kuukisia kwa macho ni kujitakia usumbufu. Chomeka kebo isiyofungwa upande wa pili, weka multimeta kwenye kipimo kinachotoa mlio pale ncha zake zinapounganika, na utafute miguu miwili inayolia pamoja plagi ikiwa ndani na kunyamaza ikiwa nje. Hiyo ndiyo pete na shina. Kisha, plagi ikiwa nje, ule unaolia na mkono wa chuma unaofungwa kwenye boksi ndio shina.

Ni vyema kuweka pia tundu la adapta, hata kama unakusudia kutumia betri, kwa ajili ya siku ambayo duka limefungwa. Kiwango kilichozoeleka katika pedali ni plagi yenye kipenyo cha nje cha milimita 5.5 na tundu la ndani la milimita 2.1, ambayo katikati yake ni hasi. Mpangilio huu unaonekana kinyume na vifaa vingine vingi, lakini una sababu yake. Tundu hilo lina miguu mitatu: pini ya katikati, bati la pembeni linalonesa, na mguu wa tatu unaoguswa na bati hilo pale tu ambapo plagi haipo. Pini ya katikati iunganishwe na ardhi, bati la pembeni lipeleke chanya kwenye saketi, na waya mwekundu wa betri uwe kwenye mguu wa tatu. Plagi ya adapta ikiingia husukuma bati, chanya ya betri inakatika, na adapta haitapata nafasi ya kulazimisha umeme ndani ya betri isiyo ya kuchaji, kitendo ambacho kinaweza kuivujisha au kuipasua. Tundu lenyewe liwe la plastiki. Kwa kuwa bati lake la nje lina chanya na boksi lako la alumini ni ardhi, tundu la chuma litapiga shoti mara tu utakapokaza nati.

Baada ya tundu, kabla umeme haujaifikia chipu, weka ulinzi dhidi ya betri iliyogeuzwa. Kidole kikipapasa gizani hugusisha vitufe kinyumenyume kwa nusu sekunde, na nusu sekunde inatosha. Dayodi ya kawaida ya 1N4001 ikiwekwa kwenye njia ya chanya huzuia kosa hilo lakini hukata volti 0.6 au 0.7 muda wote, na kwenye betri hizo ni volti ambazo ungezihitaji. Ya 1N5817, ambayo ni ya aina ya Schottky, hukata kama volti 0.2 tu kwa mkondo mdogo. Ielekeze mstari wake upande wa saketi. Mbele ya dayodi, kati ya chanya na ardhi, weka kapasita ya mikrofaradi 100 yenye uwezo wa volti 16 au 25, na pembeni yake, karibu na pini za umeme za chipu, nyingine ndogo ya nanofaradi 100. Wapo wanaosema kwamba betri haihitaji kapasita kwa kuwa haina mvumo. Kweli haina mvumo, lakini ikizeeka ukinzani wake wa ndani hupanda, volteji huanza kuyumba kufuatana na sauti, na pedali yenye nguvu nyingi huweza kuanza kulia yenyewe. Kapasita hiyo ndiyo hubeba mivuto ya ghafla badala ya betri.

Fazi yenye ardhi chanya

Pedali za kwanza za kukwaruza sauti zilitumia transista za germaniamu za aina ya PNP. Maestro FZ-1 ya mwaka 1962 iliendeshwa na betri mbili za volti 1.5 tu, na Fuzz Face iliyotolewa Uingereza mwaka 1966 ilitumia volti 9 ikiwa na chanya ya betri kwenye ardhi. Ukiiga saketi ya namna hii, waya unaokwenda kwenye pete ya soketi ni mwekundu badala ya mweusi, na dayodi na kapasita za umeme nazo zigeuzwe. Usiiunganishe kwa waya mmoja wa adapta pamoja na pedali za kawaida, kwa sababu ardhi zao hukutana kupitia kebo za gitaa na adapta hupigwa shoti. Betri yake ya peke yake huondoa tatizo hili lote, na ndiyo maana hata watu wenye adapta nzuri huiachia fazi betri yake.

Inapohitajika nguvu zaidi

Pedali ya mwangwi yenye chipu ya PT2399 huendeshwa kwa volti 5 kupitia kidhibiti cha 78L05 na hula miliampea 20 au zaidi. Itaichosha betri ya mraba kwa siku chache, na kidhibiti hicho huanza kushindwa pale betri inapokaribia volti 7. Kwa kazi hiyo tumia kishikio cha betri sita za AA, zile za rimoti. Volti ni zilezile 9, lakini uwezo wa AA ya alkali huzidi miliampea-saa 2,000, na vishikio vingi huja na vitufe vinavyokubali klipu ileile. Havitoshei ndani ya boksi dogo, kwa hiyo huwekwa nje na kuingizwa kupitia tundu la adapta kwa waya mfupi. Katika pesa, kwa kila saa ya kupiga, ndiyo njia ninayoipendekeza kwa pedali yoyote inayozidi miliampea 10.

Pawabenki inavutia kwa kuwa kila mtu anayo. Lakini inatoa volti 5, hivyo inahitaji kebo yenye kipandisha volteji, na kipandisha hicho kina kelele kama ile ya betri za USB nilizozitaja. Tena pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo mno, nazo huuchukulia mkondo wa pedali moja kuwa si kitu.

Palipo na betri ya sola ya volti 12, kidhibiti cha 7809 hutoa volti 9 safi kwa sehemu chache tu: kapasita ya mikrofaradi 0.33 upande wa kuingilia, ya mikrofaradi 0.1 upande wa kutokea, na fyuzi ya miliampea 500 karibu kabisa na kichwa cha betri, kwa sababu betri ya sola ikipigwa shoti hutoa mkondo wa kuyeyusha waya. Kidhibiti hicho kinahitaji angalau volti 11 kuingilia. Betri ikishuka chini ya hapo, sauti itakuambia. Amplifaya ikiwa inaendeshwa na invata iliyofungwa kwenye betri hiyohiyo, kelele ya invata inaweza kurudi kwenye pedali kupitia ardhi, na hapo ni bora kuipa pedali betri ndogo ya kwake.

Kukagua na kutunza

Kabla ya kufunga kifuniko, pima mambo matatu. Kebo ikiwa imechomolewa, mkondo wa betri uwe sifuri kamili. Ukisoma chochote, waya mweusi umegusa ardhi mahali fulani, pengine kwenye boksi. Kebo ikichomekwa, mkondo ulingane na hesabu yako. Adapta ikichomekwa pamoja na kebo, mkondo wa betri urudi sifuri. Funika betri kwa kipande cha sponji au uibandike mkanda ili mwili wake wa bati usiguse bodi ya saketi, kisha funga skrubu.

Kebo iliyosahauliwa kwenye soketi kuanzia Jumamosi usiku hadi Ijumaa usiku inayofuata ni saa 144. Hata LED ikiwa imezimwa, TL072 na rezista zake zitakuwa zimekula karibu miliampea-saa 410, yaani sehemu kubwa ya betri nzima, bila noti moja kupigwa. Chomoa upande wa pedali, si upande wa gitaa, kwa maana kebo inayoning'inia kwenye soketi ya pedali bado inashikilia betri.

Pima betri ikiwa na mzigo, yaani kebo imechomekwa. Ikisoma chini ya volti 8, weka ya akiba mfukoni. Ikikaribia 7, ibadilishe hata kama bado inalia. Pedali itakayokaa kabatini kwa mwezi au zaidi itolewe betri, hasa ya zinki na kaboni, ambayo huvuja maji yanayokula shaba ya bodi. Na betri za akiba zisitupwe ovyo kwenye mfuko wa gitaa pamoja na nyuzi za chuma na funguo, kwani vitufe vyake viwili viko upande mmoja na uzi mmoja ukivigusa vyote hupata moto wa kuunguza kitambaa; vibandike mkanda hadi siku ya kuitumia.